Sahani ya Davy

Jioni ile nilikuwa ninarudisha sufuria.

Ilikuwa sufuria kubwa ya mdogo wangu Berthe, niliyoiazima kwa ajili ya chakula cha akina mama wa parokia. Nilikuwa nimekaa nayo wiki mbili, kwa uchovu tu. Kutoka kwangu hadi mtaa wake wa Rwambuzi, hapa Bunia, si mbali. Lakini nilifundisha watoto miaka thelathini na minne nikiwa nimesimama, na miguu yangu haijasahau hata siku moja.

Ulikuwa mwaka wa 2009. Vita ilikuwa imekwisha, ndivyo redio ilivyosema. Magari meupe ya askari wa kigeni yalipita polepole, vumbi jekundu likapanda, likashuka. Watu walikuwa wanajenga tena. Hata hivyo karibu kila nyumba ilikuwa na mfuko uliofungwa nyuma ya mlango: nguo mbili, chumvi, karatasi za shule za watoto. Hatukuwa tunaogopa kama zamani. Tulikuwa tumechoka kuogopa, na hilo ni jambo lingine.

Nilimkuta Berthe katika kibanda cha jikoni. Mbabula, jiko lake la mkaa, ilikuwa bado na makaa. Alikuwa amepakua sahani mbili, moja yake na moja ya mwanawe Davy.

Niwaeleze habari ya sahani hiyo.

Mwezi wa tano mwaka wa 2003, risasi zilipokuwa zinapita juu ya mji kutoka pande mbili, maji yaliisha nyumbani kwa Berthe. Mume wake alikuwa amekwisha kufariki. Alimtuma Davy mtoni Nyamukau na bidoni ya manjano, dumu lile la lita ishirini. Davy alikuwa na miaka kumi na tisa. Alisema mlangoni, "Mama, minarudia sasa hivi. Usipakue bado."

Hakurudi. Hatukupata mwili. Hatukupata bidoni. Hatukupata mtu aliyesema, "Nilimuona."

Kwetu mtu akifa, tunawasha moto uani na watu wanalala nje kuuzunguka. Siku za matanga zikipita, majivu yanafagiwa, na wenye nyumba wanaanza kuishi tena. Berthe alikataa moto. Utamwashia nani, kama hujaona maiti? Badala yake aliendelea kumpakulia mtoto wake. Kila jioni, miaka sita, katika sahani ya bati yenye ua la bluu. Aliifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya meza ya sebuleni, akakaa mbele yake akiisimulia habari za siku. Nani amejenga. Nani ameoa. Mbuzi wa nani amezaa. Asubuhi chakula kile alipewa kuku.

Sikumkataza. Nilijua wanawake wengine wa Bunia waliofanya hivyo, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Jioni ile alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Yaya," alinong'ona, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Iko anakula."

"Nani?"

"Mutoto yangu. Leo siku ya kumi na moja. Asubuhi minakuta sahani tupu."

Nilikaa juu ya kigoda. Mwalimu hapaswi kuharakisha jibu.

"Labda paka, Berthe."

"Paka inakulaka, kisha inafunika sahani tena?"

Alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake kwa muda mrefu, na ningepaswa kufurahi. Lakini nilimtazama katika mwanga wa makaa. Alikuwa amekonda. Mifupa ya mabega ilikuwa imesimama chini ya kitambaa. Nilimuuliza kama yeye mwenyewe anakula. Alisema hasikii njaa tena.

Ndani ya nyumba kulikuwa na harufu. Nilidhani ni pipa lake la maji. Ilikuwa harufu ya maji yaliyofungiwa muda mrefu ndani ya plastiki... maji ya kijani, yenye uvuguvugu.

Nilipokuwa ninaondoka, giza lilikuwa limekaribia. Nyuma ya ua wa miti nilisikia kitu.

Kop... kop... kop...

Ni sauti ambayo kila mtu wa Bunia anaijua. Bidoni tupu inagonga goti la mtu anayetembea. Nilijiambia kwamba mji mzima unatembea na bidoni.

Nikaenda zangu. Sikugeuka.

*

Kazi yangu ya uzeeni ilikuwa katika chuo kikuu kimoja mjini. Nyuma ya maktaba kulikuwa na chumba cha nyaraka, chenye dirisha moja na masanduku manne ya bati. Ndani ya masanduku kulikuwa na madaftari ya watoto wa shule, mamia kwa mamia. Padri mmoja wa zamani aliyakusanya. Alizunguka mashule ya Ituri akiwaambia watoto, "Andikeni habari mliyosikia nyumbani." Watoto walimwita Padri Kaye, kwa sababu hakutembea bila kaye, yaani daftari, chini ya kwapa. Alipokufa, masanduku yalilala kwenye stoo ya misheni. Wakati wa vita mtu mmoja aliyasukuma juu ya mkokoteni hadi chuoni, badala ya kusukuma vitu vyake mwenyewe. Sijui ni nani. Ningependa kumpa mkono.

Chuo kiliniita kwa sababu mwalimu wa shule ya msingi anasoma mwandiko wowote. Nilisoma, niliandika kichwa cha kila habari, jina la shule na mwaka. Msimamizi wangu alikuwa Constant, asistanti kijana mwenye miwani iliyofungwa na uzi, mtu wa Mahagi. Aliniheshimu kama mama yake, na alinitania kama mama yake pia.

"Madame Dorothée, ukiona muzimu muli sanduku, umuandike nambari," alikuwa akisema. "Hapa hakuna kitu kinaingia bila nambari."

Siku nne baada ya kurudisha sufuria, mchana, nilifungua daftari la mtoto wa shule ya Irumu, mwaka wa 1956. Mwandiko wa mviringo, wino uliofifia. Nilisoma:

"Baba alikwenda kwenye machimbo, hakurudi. Mama hakulia kilio. Aliweka sahani yake kila magharibi. Siku moja sahani ilikuwa tupu. Mama alifurahi. Siku nyingine sahani ilikuwa imeoshwa na kugeuzwa. Kisha baba aliita nje, akasema, leta kwenye mlango. Kesho yake akasema, leta kwenye njia. Kesho yake akasema, leta hapa nilipo. Mama alikwenda na sahani. Sasa tunakaa kwa nyanya."

Chini yake, kwa wino mwekundu, Padri alikuwa ameandika: "Mwandiko mzuri. 7 juu ya 10."

Nilivua miwani. Nikaifuta. Nikasoma tena.

Mtu wa kawaida angefunga daftari na kukimbia. Mimi nilifanya kama ninavyofanya wanafunzi wawili wanapoandika jibu moja: nilitafuta nani ameiga kwa nani. Nilipekua hadi saa kumi. Katika sanduku la tatu nilimpata mvulana wa Mahagi, mwaka wa 1961. Mjomba wake alipotea ziwani na mtumbwi. Shangazi aliweka sahani. Sahani tupu. Sahani imeoshwa na kugeuzwa. Leta kwenye mlango. Leta kwenye njia. Leta hapa nilipo.

Miaka mitano kati yao. Kilometa nyingi kati yao. Maneno yale yale.

Daftari la tatu lilikuwa la msichana. Jalada lilikuwa limeliwa na mchwa, jina halikubaki. Lakini huyu aliandika zaidi ya wenzake:

"Wazee walisema kile si mtu. Ni njaa ya mtu, ilibaki njiani kwa sababu hakuna aliyeilaza. Kinajua kila neno uliloiambia sahani. Walikata kigogo cha mugomba, wakakivalisha shati la yule aliyepotea, wakakizika kama mtu. Walilia kilio, walifagia majivu. Wakati wa kuzika kinaita sana. Hapana kuitika."

Nilimwita Constant. Alisoma yote matatu akiwa amesimama. Hakutania.

"Nyanya yangu alikuwa anatuambia hii," alisema taratibu. "Nilifikiri ni ya kutisha batoto, balale mapema."

"Mudogo yangu iko na sahani tupu tangu wiki mbili."

Alinitazama. Kisha alitazama saa ya ukutani.

"Madame, kamata pikipiki. Enda."

*

Mwendesha pikipiki alinishusha Rwambuzi jua likiwa linazama. Berthe alikuwa amevaa kitambaa kipya na amesuka nywele. Alikuwa amekonda zaidi. Alikuwa kama mtu anayesubiri gari la safari.

"Yaya! Umefika muzuri. Leo utamusikia."

"Ulimsikia?"

"Juzi niliikuta sahani ameosha. Ameosha, yaya, na akaigeuza ikauke, vile nilimufundisha akiwa mudogo. Na jana..." Alishusha sauti. "Jana aliniita. Alisema, Mama, leta kwenye mulango. Nikaiweka kwenye mulango."

Nilihesabu kimoyomoyo. Imeoshwa. Mlango. Leo ni njia.

Kesho ni hapa nilipo.

Nilimweka chini, nikamwambia yote niliyosoma. Nilisema polepole, kama ninavyomwambia mtoto kwamba hatapanda darasa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu alisema:

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Bon. Hizo ni makaratasi ya bantu balikufa. Mutoto yangu anaongea."

Alisimama kuchukua sahani. Wali kidogo, na samaki wadogo wa Kasenyi ambao Davy alipenda. Nilimshika kiuno.

Na hapo umeme ukakatika.

Mtaa mzima ukanyamaza kwa pumzi moja, kama kawaida umeme unapokatika. Kisha mbwa wakaanza. Kisha mbwa wakaacha.

Harufu iliingia kwanza. Maji ya kijani, plastiki ya kale.

Kop...

Kop...

Kop.

Ilisimama nje ya ua, upande wa barabara.

"Mama."

Nimewafundisha watoto zaidi ya elfu moja. Sauti nazijua hata baada ya kuvunjika. Ile ilikuwa sauti ya Davy.

"Mama, leta kwenye njia. Nimechoka kufika huko."

Berthe alitaka kujibu. Nilimziba mdomo kwa kiganja. Machozi yake yalipita kati ya vidole vyangu.

"Mama, ule mubuzi wa Gustave ulizaa batatu, si njo? Mama Élise alijenga na matofali. Minajua yote. Minaskiaka kila siku."

Gustave ni jirani, na Mama Élise pia. Mbuzi wake alizaa watatu mwezi ule. Nilikumbuka maneno ya yule msichana: kinajua kila neno uliloiambia sahani. Basi kulikuwa na njia moja ya kupima. Kuuliza neno ambalo sahani haikuambiwa.

Nilikuwa nalo.

"Davy," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Ni mimi, mama mukubwa Dorothée. Nilikufundisha muli klasi ya tatu. Siku moja nilikukuta nyuma ya mulango wa klasi, unalia. Ulikuwa unakula nini?"

Bidoni haikugonga. Mbwa hawakulia. Nilisikia moyo wa Berthe kupitia mgongo wake.

"Davy. Ulikuwa unakula nini?"

Kimya... kimya kirefu... kama mtoto anayetazama vidole vyake vya miguu.

Kisha:

Kop... kop... kop...

Ikaenda zake, ikishuka kuelekea mtoni.

Berthe aliutoa mkono wangu mdomoni mwake.

"Alikuwa anakula nini?" aliuliza.

"Ni siri ya klasi."

"Yaya, mi ni mama yake!"

"Ni siri, Berthe. Niliapa."

Ninyi nitawaambia. Alikuwa anakula chaki. Ulikuwa mwaka ambao baba yake alilala hospitali, na Berthe alikuwa anampa Davy sehemu yake ya chakula, akidhani inatosha. Haikutosha. Mtoto wa miaka minane alikuwa anatafuna chaki yangu nyeupe, midomo ikiwa imepakwa kama ya mganga. Alinishika sketi akasema, "Mama mukubwa, usimuambie mama." Sikumwambia. Tangu siku ile nilikuja na mihogo miwili kwenye mkoba badala ya mmoja. Berthe hakujua kamwe kwamba mtoto wake aliwahi kuona njaa ndani ya nyumba yake.

Alikaa chini, sahani mapajani. Wali ulipoa.

"Davy hawezi kosa kukujibu," alisema mwishoni. "Alikuogopa kupita baba yake."

"Njo vile."

"Basi ule haiko Davy."

Aliitazama sahani, akaisogeza mbali naye kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayesogeza kitu kinacholala.

"Muite Edouard," alisema. "Tuwashe moto."

Hapo ndipo alipolia. Miaka sita yote ilitoka kwa mara moja.

*

Edouard ni kaka yetu mkubwa, anafuga ng'ombe upande wa Irumu. Bila yeye hakuna matanga. Nilimpigia simu usiku uleule, na alianza safari asubuhi, lakini tairi ya pikipiki ilipasuka njiani, na alifika saa kumi na moja jioni, mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia hadi viatu.

"Munazika mugomba," alisema, akinawa uso. "Niliuza mugomba, nilikula mugomba. Sijazika mugomba hata siku moja."

"Utazika leo," nilimwambia.

"Nimekubali, mwalimu. Usiniweke kwenye kona."

Lakini nilimwona akigeukia ukuta na kujipangusa macho kwa kofia.

Wanawake wa jirani walikuja na mikeka. Moto uliwashwa uani. Gustave alichimba nyuma ya nyumba, shimo la urefu wa mtu, kwa sababu Berthe alisema hataki mtoto wake alale amekunjwa. Tulikata kigogo, tukakivalisha shati jeupe la shule ya Davy, tukafunga vifungo vyote. Cha juu kilikataa. Berthe mwenyewe alikifunga. Kisha alimimina chakula chote cha sahani pembeni ya kigogo, akaweka sahani juu yake, akashindwa kusimama. Wanawake walimwingiza ndani wakamzunguka, na kilio kikaanza. Wale wanaojua kilio cha kwetu wanajua kwamba nyumba ikilia hivyo, ukiwa ndani husikii hata radi.

Nje, penye shimo, tulibaki watatu. Edouard, Gustave na mimi. Jua lilikuwa limeshaingia, mawingu ya upande wa magharibi yakiwa na rangi ya ini.

Waliteremsha kigogo. Gustave alitupa koleo la kwanza.

Harufu ikaja.

Kop... kop... kop...

Haikusimama barabarani. Ilipita kando ya ua. Ilikuja upande wetu, nyuma, ambako miti imepandwa kwa karibu na huwezi kuona mtu hata akiwa hatua tatu.

"Mama!"

Gustave aliacha koleo hewani.

"Mama! Leta hapa niko! Mama!"

"Hapana kuitika," nilisema. "Fukia."

Alifukia. Nusu ya udongo ilianguka pembeni. Edouard alisali kwa sauti, Baba yetu uliye mbinguni, tena na tena, na kila alipofika kwenye mkate wetu wa kila siku alijikwaa. Sauti iliita mara saba. Nadhani saba. Ndani ya nyumba walikuwa wanalia, hawakusikia.

Halafu ikanyamaza.

Nilidhani imekwisha. Nilisogea hadi kwenye miti, sijui kwa nini. Labda kuhakikisha. Miaka thelathini na minne nilikuwa wa mwisho kutoka darasani, kuhakikisha hakuna mtoto aliyebaki.

Sauti ilitoka upande wa pili wa majani. Karibu sana. Chini, kama ya mtu aliyechuchumaa.

Ilinong'ona.

"Mama mukubwa."

Sikuitika.

"Mama mukubwa... ilikuwa chaki."

"Nilikula chaki. Usimuambie mama."

Nilitaka kupenyeza mkono katikati ya majani. Mkono ulikuwa umeshainuka. Nyuma yangu nilisikia koleo likisimama.

"Dorothée?" aliita Edouard. "Kuko nini huko?"

Niliwaza mambo mengi kwa muda mfupi. Niliwaza kwamba jana, nilipouliza, Berthe alikuwa mikononi mwangu, anasikia kila neno. Mtoto aliyeniomba nisimwambie mama yake asingelijibu swali lile mbele ya mama yake. Hata kwa kuokoa maisha yake asingejibu. Nilimlea. Namjua.

Niliwaza pia mifupa ya mabega ya Berthe. Na kitambaa kipya. Na kwamba neno moja kutoka mdomoni mwangu lingemtoa ndani ya nyumba ile akikimbia, na asingeacha kukimbia.

"Hakuna kitu," nilisema. "Fukia."

Udongo ulianguka. Nilisimama palepale hadi shimo likajaa. Upande wa pili wa majani palikuwa na pumzi, kwa muda. Kisha hapakuwa na pumzi.

Sikusikia bidoni ikiondoka.

*

Asubuhi Gustave alizunguka nyuma ya miti na panga. Alituita. Majani yalikuwa yamelala, kama pale anapokaa mtu siku nyingi. Palikuwa na mifupa ya samaki wadogo, mingi, imesafishwa na kupangwa kwa mistari. Nyayo hazikuwapo, lakini usiku kulinyesha.

"Mwendawazimu," alisema Edouard. "Vita iliacha wengi. Wanatembea tu."

"Mwendawazimu wa nani?" aliuliza Gustave.

Edouard aliifukia mifupa kwa kiatu, akavua kofia, akaivaa tena.

Siku ya mwisho ya matanga tulifagia majivu. Berthe alinyoa nywele. Wiki ileile alianza kusikia njaa. Sasa amenenepa, anauza mafuta ya mawese sokoni, anagombana na wateja kama zamani. Hakuna sauti iliyokuja tena kwake. Kuhusu yale yaliyosemwa nyuma ya nyumba, aliniuliza mara moja tu.

"Kilisema nini, yaya?"

"Kiliita tu. Kisha kilichoka."

"Hakikujibu ile swali yako?"

"Hapana," nilisema.

Yeye ni mzima. Hilo ndilo nililolitaka, na nililipata.

Lakini kuna jambo moja sijawaambia. Asubuhi ile ya kuzika, kabla Edouard hajafika, nilipita chuoni kumweleza Constant kwa nini sitafanya kazi. Aliniuliza jibu la swali langu lilikuwa nini. Nilikuwa nimechoka, sikuwa nimelala, na siri ya miaka kumi na saba ilikuwa imenielemea. Nilimwambia. Nilitamka neno chaki kwa sauti, katika chumba cha nyaraka, mbele ya yale masanduku. Ni mtu mmoja tu niliyewahi kumwambia.

Kwa hiyo kile kitu kingeweza kusikia. Kama kilikuwa karibu. Kama ukuta haukukizuia. Ninapokosa usingizi, hilo ndilo ninalolishika.

Mwezi uliopita tulikuwa tunafunga sanduku la nne, mimi na Constant. Nilimuuliza kana kwamba ni jambo dogo.

"Siku ile nilikuambia habari ya mutoto wa dada yangu... dirisha ilikuwa wazi?"

Alisimamisha kazi. Alilitazama dirisha kwa muda mrefu. Ni kijana mwema, na alijua kabisa ni jibu gani ninalotaka.

"Sikumbuke, Madame," alisema.